Uliza Mwalimu: “Nafundisha Kiingereza Japani, mimi nafundishwa na nani?”

Mwezi huu nimefungua barua tatu, na zote zimeelekea upande mmoja wa dunia. Kwa msomaji mpya anayejiuliza kwa nini habari za Japani zinaletwa kwangu: nilifundisha Kiingereza sekondari mkoani Tanga miaka minane, kisha Oktoba 2013 nikaenda Japani kwa mafunzo ya walimu walio kazini. Nilikaa mwaka mmoja na nusu, nikarudi Machi 2015. Barua ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu imenigusa.

*

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimeolewa huku Japani, mkoa wa Niigata, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Nafanya kazi ya mwalimu msaidizi wa lugha, hawa wanaoitwa ALT, kupitia kampuni. Siku tatu niko skuli ya sekondari ya chini, siku mbili nazunguka skuli mbili za msingi. Kabla ya kuanza nilipewa semina ya siku tatu: namna ya kuinama, namna ya kuvaa, michezo ya kadi, basi. Tangu hapo hajatokea mtu wa kuniambia nafundisha vizuri au vibaya. Sekondari, mwalimu ananiita nisome mazungumzo ya kitabuni, watoto wanayarudia, mimi nakaa. Msingi mambo ni kinyume: mwalimu wa darasa ananiachia dakika zote 45, yeye yuko nyuma anasahihisha madaftari. Wenyewe wana siku zao za kutazamana wakifundisha. Naona wageni waja na suti, lakini siku hiyo mimi naambiwa niende nyumbani mapema. Nilipomuomba msimamizi wa kampuni nipatiwe hata kozi moja, alinijibu kuwa kazi yangu ni kutoa sauti ya Kiingereza. Mwalimu, nina diploma ya ualimu kutoka nyumbani. Sitaki nirudi nikiwa nimeisahau kazi. Nifanyeje?

Mwana wa Mombasa, Niigata

*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale kwenye “kutoa sauti”. Neno hilo limeniuma. Mtu aliyesomea ualimu hafanywi redio. Ila kabla hatujafika kwa hiyo kampuni, nataka tuwatazame wale walimu wa Kijapani unaokaa nao ofisi moja, maana kwa ulivyoandika naona unadhani wao wanashiba mafunzo na wewe peke yako ndiye uliyenyimwa.

Mwaka 2018 OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea, iliwauliza walimu wa sekondari ya chini wa nchi nyingi wanavyoitumia wiki yao. Wajapani walijibu kwamba wanafanya kazi saa 56 kwa wiki, na wastani wa nchi zote ulikuwa saa 38 na kidogo. Hakuna nchi iliyowazidi. Sasa tazama saa hizo zinakokwenda. Kusimama darasani kunachukua 18 tu. Saa saba na nusu zinaliwa na bukatsu, zile klabu za michezo na muziki za baada ya masomo na hata Jumamosi. Kuna makaratasi, kuna mikutano, kuna kuandaa masomo na kusahihisha. Na kujiendeleza kitaaluma? Saa 0.6. Piga hesabu mwenyewe: dakika 36 kwa wiki nzima, nazo zilikuwa chache kuliko za nchi nyingine zote zilizoulizwa. Wastani wa wenzao ulikuwa saa 2.

Kwa hiyo huyo anayekuita usome mazungumzo kisha ukae, huenda jana ametoka shuleni saa mbili usiku baada ya kusimamia tenisi, na tenisi yenyewe hajawahi kuicheza maishani mwake. Nimewaona kwa macho yangu. Nilikuwa namwona mwalimu mmoja wa Kiingereza akila chakula cha mchana kwa dakika nane huku mkono wa kushoto unasahihisha.

Tena ana mzigo wa pili, wa aibu. Mwaka 2003 wizara yao ya elimu ilitoa mpango mkubwa wa kuinua Kiingereza, na ndani yake ikawekea walimu kiwango cha kufikia: mtihani wa Eiken daraja la kabla ya kwanza, au alama 730 za TOEIC. Mwaka 2013 mtaala wa sekondari ya juu ukataka somo liendeshwe kwa Kiingereza kama kanuni, na mwaka 2021 sekondari ya chini nayo ikafuata. Mwalimu huyo lakini yeye mwenyewe alifundishwa kwa yakudoku, yaani kuchukua sentensi, kuifungua neno kwa neno, kuipanga upya kwa Kijapani, na kwenda kwenye sentensi inayofuata, mpaka siku ya mtihani wa kuingia shule ya juu. Anaijua sarufi ya Kiingereza kutuzidi mimi na wewe. Akifungua mdomo mbele yako ndipo anapojiona yuko kwenye chumba cha mtihani. Usiseme ana kiburi.

Wa shule za msingi hali yao ni ngumu zaidi. Kiingereza kiliingia rasmi darasa la tano na la sita mwaka 2011, vipindi 35 kwa mwaka, bila alama, kama shughuli tu ya kuwazoesha watoto. Mwaka 2020 kikawa somo kamili lenye kitabu na alama, vipindi 70, na zile shughuli 35 zikateremshwa darasa la tatu na la nne. Mwalimu wa darasa kule anafundisha karibu kila kitu, hesabu, maandishi, sayansi, hadi kuogelea, na wengi wao walisomea kazi hii wakati hakuna aliyewaambia kwamba siku moja watafundisha Kiingereza. Huyo anayesahihisha madaftari nyuma ya darasa lako, mimi nakwambia anaogopa.

Sasa nije kwenye hizo siku za wageni wa suti, maana hapo ndipo kazi yetu inapofundishwa kweli, na ndipo ninapotaka uingie.

Ilikuwa Februari 2015, nimebakiza mwezi nirudi nyumbani. Shule ya msingi, theluji imefika magotini, viatu tumeviacha mlangoni na tumevaa zile ndara za wageni zinazoteleza. Darasa la sita. Mwalimu ni mama wa miaka hamsini na kitu. Somo ni kusema ungependa kuwa nani ukiwa mkubwa, kutoka kwenye kile kitabu chembamba cha Hi, friends! kilichotumika wakati ule. Juu ubaoni amebandika meate, yaani lengo la kipindi, kwa maneno ambayo mtoto anayaelewa. Chini yake kadi za kazi mbalimbali, picha na neno la Kiingereza.

Nyuma tulikuwa watu kama ishirini, tumesimama. Kila mmoja ana shido-an mkononi, andalio la somo la kurasa nne: safu ya dakika, safu ya atakachofanya mtoto, safu ya msaada wa mwalimu, safu ya kupima. Watazamaji tulikuwa tumegawiwa watoto. Mimi nilipewa mmoja tu, mvulana wa safu ya dirishani, nimtazame kwa dakika zote 45 na niandike.

Mdogo wangu, nilikuwa nimefundisha miaka minane, na sijawahi hata siku moja kumtazama mtoto mmoja kipindi kizima. Yule mvulana alitaka kuwa daktari wa mifugo. Wenzake walipokuwa wanazunguka wanaulizana, mdomo wake ulifunguka mara tatu. Sauti haikutoka. Kila mara macho yalikwenda ubaoni kwenye ile kadi, yakaganda kwenye herufi, yakarudi mezani. Mwenzake aliyemuuliza akamwonea huruma, akamjibia.

Baada ya kipindi tukakaa kwenye chumba cha mkutano. Mwenye somo alianza yeye kuzungumza: alitaka nini, kipi kilimshinda. Halafu zikaja karatasi ndogo za kubandika, za buluu kwa yaliyofaa na za waridi kwa maswali, zikapangwa juu ya andalio kubwa lililobandikwa ukutani, kila moja kwenye dakika yake. Hakuna aliyesema “somo lilikuwa zuri” akanyamaza. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa Kijapani changu cha kuungaunga nilichokiona dirishani. Yule mama aliandika, akakaa kimya kidogo, akasema: “Nilidhani kadi zinamsaidia.” Mwalimu mmoja kijana, wa darasa la jirani, akauliza kama mtoto anaweza kulisema neno analolazimika kulisoma kabla ya kulisikia vya kutosha. Wakabishana nusu saa juu ya kadi. Wiki iliyofuata kijana huyo akafundisha somo lilelile darasani kwake, na kadi zikabaki kikapuni mpaka dakika ya ishirini. Watoto walikuwa wameshalisikia lile swali na majibu yake mara nyingi sana kabla hawajaona herufi hata moja.

Hiyo wanaiita jugyo kenkyu, utafiti wa somo. Ilianza shuleni kwao tangu zama za Meiji, za mwaka 1868 hadi 1912. Hakuna aliyetoka pale na cheti, na mimi mpaka leo sijapata semina iliyonibadilisha kama mchana ule.

Kwa hiyo swali lako, “nifanyeje”, kwangu jibu lake la kwanza ni: ingia kwenye chumba hicho. Na ili uingie, soma kwanza mkataba wako. Kama umeandikwa haken, yaani kampuni imekuazima kwa shule, shule ina ruhusa ya kukuelekeza moja kwa moja na kukaa nawe kupanga somo. Kama ni gyomu itaku, maana yake kazi imekabidhiwa kampuni, na kwa sheria ya kule mwalimu haruhusiwi kukupa maagizo. Kila neno linapaswa kupitia kwa kampuni. Walimu wengi wanaogopa kuivunja sheria hiyo, na huenda ndiyo sababu siku ya wageni unaambiwa uende nyumbani. Ukishajua ni upi, iandikie kampuni kwa maandishi kwamba unaomba kubaki siku ya jugyo kenkyu kama mtazamaji tu, hutafundisha na hutadai saa za ziada. Halafu nenda kwa naibu mwalimu mkuu, kyoto-sensei, yule anayekaa katikati ya ofisi na kujua ratiba ya kila mtu. Usiende asubuhi kabla ya kikao, utamkuta ameshika simu mbili. Nenda watoto wakiwa kwenye usafi. Sema “benkyo sasete kudasai”, niruhusuni nijifunze. Kwa wao neno hilo lina uzito kuliko kusema una haki.

Wakikukatalia mara ya kwanza, omba walau ile karatasi ya andalio. Ikiwa kwa Kijapani, mumeo akusaidie kusoma safu moja tu, ile ya atakachofanya mtoto.

La pili, dakika tano. Usimwombe mwalimu wako mkutano wa kupanga somo, hana. Mwombe dakika tano mkitoka darasani, mkitembea kwenye ujia kurudi ofisini, na mwulize swali moja, lilelile kila wiki: leo mtoto gani hakufungua mdomo? Mwandikie kwenye kikaratasi kama anaona haya kuongea, atakujibu kwa maandishi, na maandishi yake utayakuta hayana kosa. Wiki ya nne au ya tano atakuanza yeye. Mimi nilimjaribia mwalimu mmoja wa sekondari ambaye kwa miezi miwili alikuwa ananisalimia kwa kichwa tu, na mwisho ni yeye aliyenifuata mezani na orodha ya majina sita.

La tatu ni kitu ulicho nacho wewe na wala hakijaandikwa kwenye mkataba wowote. Kiingereza hukukinyonya kwa mama, ulikisomea. Tena unatoka kwenye lugha inayopenda kila neno liishie na irabu, kama wao. Gari kubwa la abiria wao wanaliita basu, sisi basi. Mpira wao ni booru, na huko kwetu watoto wanasema boli. Waandikie ubaoni maneno matatu kwa safu tatu, la Kiingereza, la Kijapani na la Kiswahili, na waulize wao wenyewe irabu ya mwisho imetoka wapi. Nililifanya hilo darasa la pili la sekondari ya chini, na kwa mara ya kwanza nikasikia darasa la watoto 38 likibishana kuhusu matamshi bila kuona haya, kwa sababu waliona kuwa si Wajapani peke yao wanaobeba irabu. Na habari ya “r” na “l”, nani wa kuielewa kuliko sisi ambao majirani zetu wengine wanazichanganya tangu bibi na babu? Mwambie mwalimu wako ulijifunzaje wewe. Anahitaji kumwona mtu mzima aliyevuka mto huo.

Nje ya shule kuna JALT, chama cha walimu wa lugha chenye matawi mikoani na mkutano mkubwa wa kila mwaka, kwa kawaida Novemba. Vikao vya matawi ni vidogo, watu wanaleta kilichowashinda Jumanne na kukijadili Jumapili. Nenda hata mara mbili kwa mwaka. Na kama unafikiria kubaki Japani, ulizia kuhusu tokubetsu menkyo, leseni maalumu ya ualimu ambayo bodi ya elimu ya mkoa inaweza kumpa mtu mwenye ujuzi ambaye hakusomea ualimu kule; inaombwa kwa kupitia mwajiri anayetaka kukuajiri kama mwalimu kamili. Si njia fupi, lakini diploma yako itakuwa na kazi.

Na jirekodi. Sauti tu, simu mfukoni, sauti yako peke yako. Usiwapige watoto video hata kidogo bila ruhusa ya shule. Usiku sikiliza dakika kumi. Hesabu mara ulizouliza swali na ukalijibu mwenyewe. Niandikie umepata ngapi.

*

Habari za kazi Mwalimu. Mimi ni mkuu wa idara ya lugha sekondari moja hapa Morogoro. Mkuu wa shule amenitaka nisimamie jumuiya ya kujifunza ya walimu, hii ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini. Nimesikia Wajapani ndio mabingwa wa walimu kufundishana. Lakini kwangu walimu wanakuja, wanasaini mahudhurio, wanauliza kama kuna posho, wanaondoka. Wajapani wanalipana shilingi ngapi? Wana siri gani?

Mwalimu wa Idara, Morogoro

*

Nzuri, Mwalimu mwenzangu. Posho hakuna. Nilitafuta sana, nikauliza, wakanishangaa. Ila usikimbilie kusema wao wana moyo na sisi hatuna, maana kuna kitu wanakifanya ambacho ni cha ratiba, wala hakihusu moyo.

Siku ya jugyo kenkyu wanafunzi wa madarasa mengine yote wanarudishwa nyumbani mapema. Linabaki darasa moja. Walimu wote wa shule, hadi wa hesabu na wa michezo, wanakwenda kusimama nyuma ya darasa hilo. Yaani muda umetolewa ndani ya saa za kazi, na hakuna mwalimu mwenye kipindi kingine cha kukimbilia. Wewe jumuiya yako inakutana saa ngapi? Kama ni saa tisa na nusu, watu wana njaa na wana daladala ya kuwahi, hata mimi ningeuliza posho.

Halafu hawakutani kuzungumzia “mbinu shirikishi” kwa ujumla. Mwanzoni mwa mwaka wao wa shule, Aprili, shule nzima inachagua swali moja la mwaka. Shule niliyoizoea ilikuwa na swali la kuwafanya watoto wasikilizane. Masomo yote yaliyotazamwa mwaka ule, likiwemo la Kiingereza nililolieleza hapo juu, yalipimwa kwa swali hilo. Wewe chukua swali dogo. Kwa nini kidato cha kwanza wanakili kutoka ubaoni bila kuelewa? Mwaka mzima hilohilo.

Na andalio linaandikwa na kikundi. Ukienda kutazama, unaliangalia somo ambalo na wewe ulilipanga, kwa hiyo likiharibika limeharibika la wote. Sisi tumezoea mtu wa nyuma ya darasa kuwa mkaguzi, siku hizi mdhibiti ubora, na mwalimu akimwona anabadilisha sauti. Mwezi wa kwanza anza wewe mkuu wa idara kufundisha, walimu wako wakutazame. Wagawie wanafunzi wa kuwaangalia, wawili wawili, na uwakataze kuandika lolote juu yako. Waandike wanafunzi walichofanya. Utaona mjadala unavyobadilika.

Nikuonye na upande wa pili, nisije nikakuuzia Japani ya kwenye kalenda. Nimeona pia masomo ya maonyesho, yamefanyiwa mazoezi mpaka watoto wanajua nani atanyoosha mkono, na mkutano wa baadaye ni wa kupongezana. Na mafunzo ya kulazimishwa nao yaliwashinda: mwaka 2009 waliweka sheria kwamba leseni ya ualimu ihuishwe kila miaka kumi kwa kusoma saa 30, na walimu wakajilipia wenyewe, wengi wakati wa likizo ya kiangazi. Walimu niliowakuta walikuwa wanahudhuria kwa kuhesabu saa. Julai 2022 ile sheria ikafutwa. Mahudhurio ya kusaini yana sura moja kila nchi.

Tena kuna tatizo la mwalimu wa Kiingereza wa shule ndogo za vijijini kule, ambaye ni yeye peke yake katika somo lake. Wanachofanya ni walimu wa Kiingereza wa shule kadhaa za mji mmoja kukutana, wakipokezana shule. Morogoro mnaweza. Waulize pia walimu wenu wa hesabu na sayansi kama wamewahi kusikia habari za SMASSE, mradi ambao Kenya iliuanza mwaka 1998 na JICA, shirika la misaada la Japani. Ulikuwa wa hesabu na sayansi, sisi wa lugha tulibaki dirishani, lakini utaratibu wa kupanga, kufundisha, kutazama na kurekebisha ni uleule. Na vile vishikwambi walimu walivyopewa baada ya sensa ya 2022 vinarekodi vizuri. Usisubiri mradi.

*

Shikamoo Mwalimu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kigoma, nina miaka 31, nafundisha Kiingereza mwaka wa sita. Nataka kuomba hayo mafunzo uliyoyapata wewe. Je, nitapata shahada? Nijiandae vipi?

Kijana wa Kigoma

*

Marahaba mwanangu. Shahada hutapata, unapewa cheti cha kumaliza, na unatarajiwa kurudi kazini kwako. Ufadhili ni wa serikali ya Japani na maombi yanapitia ubalozi wao wa Dar es Salaam. Kwa wakati wetu walitaka uwe na miaka isiyofika 35 na uwe umefanya kazi ya ualimu miaka mitano au zaidi, kwa hiyo wewe upo ndani, ila usichelewe. Posho yetu ilikuwa yeni 143,000 kwa mwezi, ukikaa hosteli ya chuo inatosha na chenji inabaki. Angalia matangazo ya ubalozi mapema mwakani na umwombe mwalimu mkuu barua kabla hajahamishwa.

Miezi sita ya kwanza ni Kijapani tu, asubuhi hadi jioni. Anza sasa na zile herufi za hiragana na katakana, ziko chini ya mia kwa jumla ukihesabu za msingi, na kijana wa umri wako anazimaliza kwa mwezi. Usipozijua, ukifika darasani kule utatazama watoto bila kuelewa hata lengo lililobandikwa ubaoni.

Kwenye usaili usiseme unataka kujifunza teknolojia ya Japani. Kila mtu anasema hivyo. Waeleze tatizo moja la darasani kwako, na kwa nini unadhani kumtazama mwalimu wa Kijapani akifundisha Kiingereza, lugha ambayo na yeye anahangaika nayo, kutakusaidia kulitatua.

Na ukipata, sanduku lako lina kilo zake. Mimi nilibeba vitenge na picha za Kilimanjaro, wakazipokea kwa heshima, wakazibandika kwenye ujia. Kisha mwalimu mmoja akaniuliza, “Umekuja na daftari la mwanafunzi wako? Tuone anavyoandika, na unavyomsahihisha.” Sikuwa nalo. Wewe beba matatu: la mtoto anayeweza, la anayejikongoja, na la yule ambaye hujawahi kumsikia sauti.